BAKAA YA DAWA: MAJI YA TANGI YAWE SALAMA MPAKA TONE LA MWISHO

Vyama vyetu vingi vya msingi sasa vina matangi ya maji. Lipo tangi la ghalani linalokinga maji ya mvua kutoka paa la mabati, lipo la kituo cha kununulia mazao, na wanachama wengi wamejenga au kununua matangi yao majumbani. Hayo ni maendeleo ya kweli. Saa nyingi walizokuwa wakizipoteza akina mama na watoto njiani kwenda mtoni zimerudi katika kazi na masomo.

Lakini hapana budi tukumbuke kwamba tangi huwaunganisha watu wengi kwa koki moja. Siku ya malipo, tangi la kituo huwanywesha mamia ya watu kabla ya jua kutua. Uchafu ukiingia humo asubuhi, jioni umekwisha kufika katika kila kitongoji. Kwa hiyo chama kinachojivunia tangi lake kinapaswa kujua jambo moja kwa hakika: je, maji yaliyomo leo ni salama? Makala haya yanaeleza namna ya kulijibu swali hilo kwa kipimo, wala si kwa kukisia.

Maji maangavu si lazima yawe salama

Wengi wetu huyapima maji kwa macho. Yakiwa na tope tunayakataa; yakiwa maangavu tunayanywa. Macho ni shahidi mzuri wa tope, lakini si shahidi wa viini vya maradhi. Viini vya kipindupindu, vya homa ya matumbo na vya kuhara damu havionekani kwa macho, na maji yenye viini hivyo yaweza kuwa maangavu kama kioo.

Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambapo watu wapatao milioni mbili nchini Tanzania walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu, kisha wakachimba vyoo na kusafisha mazingira yao. Elimu ile ilikuwa ya lazima. Mwaka 1977 kipindupindu kilizuka nchini kwa nguvu, na tangu hapo kimekuwa kikirejea mara kwa mara. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ulienea katika mikoa mingi, na hadi kufikia mwisho wa mwaka 2016 wagonjwa walioandikishwa walikuwa zaidi ya 20,000. Maradhi haya hufuata maji na mikono michafu, na tangi lisilotunzwa huyapa njia.

Hesabu ya dawa ni kama hesabu ya chama

Dawa inayotumika zaidi duniani kuua viini katika maji ni klorini. Mji wa Lincoln, Uingereza, ulianza kuitia katika maji yake mfululizo mwaka 1905 wakati wa mlipuko wa homa ya matumbo, na Jersey City, Marekani, ukafuata mwaka 1908. Dawa yenyewe, basi, si ngeni. Jambo ambalo halieleweki vizuri ni namna ya kujua kama imetosha.

Kila mweka hazina anajua kwamba hali ya chama haipimwi kwa mapato peke yake. Chama chaweza kupokea fedha nyingi na bado kikafunga mwaka bila kitu, kwa kuwa matumizi yameyala mapato yote. Kinachotazamwa ni bakaa. Ndivyo ilivyo kwa klorini. Dawa unayoitia katika tangi ni mapato. Matumizi yake ni tope, majani yaliyooza, kinyesi cha ndege kilichotoka paani, ukoga ulioganda katika kuta za tangi, na viini vyenyewe. Hivyo vyote huila klorini. Jua na joto huipunguza pia. Kile kinachosalia baada ya matumizi hayo yote ndicho bakaa ya dawa, na bakaa hiyo ndiyo mlinzi wa maji.

Pasipo bakaa, hakuna ulinzi. Mtu akichota kwa kopo lisilo safi, au maji yakimiminwa katika ndoo iliyokaa wazi, viini vipya vinaingia na hakuna wa kuvizuia. Hapa ndipo maji yenye klorini yanapotofautiana na maji yaliyochemshwa. Kuchemsha huua viini vizuri sana, na nyumbani ni njia ya kutegemewa. Lakini maji yaliyochemshwa hayana bakaa yoyote. Yakipoa na kuguswa na mkono mchafu, yamerudi yalikokuwa.

Kwa sababu hiyo, kanuni ya kutia kijiko kimoja kwa kila tangi haifai. Matangi mawili yenye ukubwa mmoja yaweza kuhitaji dawa tofauti kabisa, kwa kuwa matumizi ya dawa ndani yake hayalingani. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba, baada ya dawa kukaa katika maji kwa muda usiopungua dakika 30, ibaki klorini huru isiyopungua miligramu 0.5 katika kila lita, na maji yanapomfikia mtumiaji isipungue 0.2. Hizo ndizo tarakimu mbili ambazo kila mtunza tangi yampasa azishike.

Kuipima bakaa

Pua haitoshi kuwa kipimo. Mara nyingi harufu kali hutokana na klorini iliyokwisha kuungana na uchafu, yaani dawa iliyokwisha kutumika. Kipimo cha kuaminika ni kifaa kidogo cha kulinganisha rangi, pamoja na vidonge viitwavyo DPD. Maji hutiwa katika kichupa, kidonge husagwa humo, na maji hugeuka rangi ya waridi kadiri ya klorini huru iliyomo. Rangi hiyo hulinganishwa na rangi zilizochorwa pembeni mwa kifaa. Kazi yote haizidi dakika chache, na mtu anayejua kusoma mizani ya ghala aweza kuifanya bila shida.

Kutengeneza dawa ya akiba

Si vyema kumwaga unga wa klorini moja kwa moja tangini. Kwanza hutengenezwa dawa ya akiba yenye nguvu ya asilimia moja. Kama unga una nguvu ya asilimia 70, pima gramu 15 na uzikoroge katika lita moja ya maji. Kama ni chokaa ya klorini yenye nguvu ya asilimia 33 hivi, pima gramu 30. Kama ni dawa ya maji ya kung'arishia nguo yenye nguvu ya asilimia 3.5, changanya sehemu moja ya dawa na sehemu mbili na nusu za maji. Lakini dawa hiyo isiwe na manukato wala rangi. Acha machicha ya unga yatuame, kisha tumia maji yaliyo juu. Hifadhi dawa hii katika chombo cha plastiki chenye kifuniko, mahali pa giza na baridi, na isikae zaidi ya wiki moja, kwa kuwa nguvu yake hupungua.

Jaribio la ndoo nne

Chukua ndoo nne safi za plastiki, kila moja ya lita 20, uzijaze maji ya tangi lile lile unalotaka kulitibu. Kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tia dawa ya akiba hivi: ndoo ya kwanza mililita 1, ya pili mililita 2, ya tatu mililita 4, na ya nne mililita 6. Koroga, funika, na usubiri dakika 30. Kisha pima bakaa katika kila ndoo.

Tuseme ndoo ya kwanza na ya pili hazionyeshi kitu cha maana, ya tatu inaonyesha 0.5, na ya nne inaonyesha zaidi ya hapo. Basi ndoo ya tatu ndiyo jibu: mililita 4 kwa kila lita 20. Kama hata ndoo ya nne haina bakaa, usikimbilie kuongeza dawa. Maji hayo ni machafu mno, na chanzo cha uchafu lazima kitafutwe kwanza.

Sasa inabaki kujua tangi lina maji kiasi gani. Kwa tangi la mviringo, pima upana wake kutoka ukuta hadi ukuta kupitia katikati, ugawe kwa mbili, na kilichopatikana ukizidishe kwa chenyewe. Zidisha tena kwa 3.14, kisha kwa kina cha maji, vipimo vyote vikiwa katika mita. Jibu ni mita za ujazo, na kila mita moja ya ujazo ni lita 1,000. Tangi lenye upana wa mita 2 na maji ya kina cha mita 1.6 lina lita 5,000 hivi. Lita 5,000 ni sawa na ndoo 250. Mililita 4 mara 250 ni mililita 1,000, yaani lita moja ya dawa ya akiba.

Lita hiyo moja imetokana na gramu 15 tu za unga. Ndugu Wanachama, unga unaojaa kiganja kimoja waweza kulinda maji ya kijiji kwa siku kadhaa. Kwa hiyo gharama ya dawa haiwezi kuwa kisingizio cha kuliacha tangi bila ulinzi. Kinachotakiwa ni mtu wa kupima.

Tope, chokaa na vitu ambavyo klorini haiviwezi

Maji yenye tope hayatibiki vizuri. Tope huila dawa, na viini hujificha ndani ya chembe zake. Maji ya namna hiyo yaachwe yatuame, yachujwe kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, au yatiwe shabu ili tope lishuke chini, ndipo dawa itiwe.

Tangi jipya la saruji lina tatizo lake. Saruji mbichi hutoa chokaa katika maji na kupandisha kiwango cha pH. Klorini hufanya kazi vizuri maji yanapokuwa karibu na 7. Kiwango kikifika 7.5, karibu nusu tu ya dawa ndiyo inabaki katika hali yake ya nguvu, kikifika 8.5, ni sehemu moja hivi katika kumi. Kwa hiyo tangi jipya lijazwe maji, liachwe siku chache, limwagwe, na jambo hilo lirudiwe kabla maji yake hayajaanza kunywewa.

Yafaa pia tuseme wazi mambo ambayo klorini haiyawezi. Haiondoi chumvi. Haiondoi floridi, ambayo katika sehemu za kandokando ya milima Meru na Kilimanjaro huyabadilisha meno ya watoto rangi. Wala kuchemsha hakuiondoi. Tena vipo vijidudu vichache vya kuharisha vyenye ganda gumu vinavyostahimili klorini, na kwa hivyo maji ya watoto wachanga na ya wagonjwa dhaifu yafaa yachemshwe vilevile.

Kulitunza tangi lenyewe

Dawa hugharimu kidogo pale ambapo uchafu umezuiwa mlangoni. Kabla ya mvua za kwanza, mifereji ya paa isafishwe na matawi yaliyoinamia mabati yakatwe. Maji ya mwanzo ya mvua, ambayo huliosha paa, yaelekezwe nje yasiingie tangini. Tangi liwe na kifuniko kinachozuia mwanga, kwa kuwa mwanga huotesha ukoga wa kijani na huimaliza klorini. Tundu la kupumulia na bomba la maji yanayofurika viwekewe wavu wa kuzuia mbu. Maji yatolewe kwa koki, wala pasiruhusiwe mtu yeyote kuchovya kopo au ndoo kutoka juu.

Angalau mara moja kwa mwaka tangi limwagwe na kuta zake zisuguliwe kwa burashi. Anayeingia ndani asiwe peke yake; awepo mwenzake nje wa kumtazama. Kisha tangi lijazwe maji yenye miligramu 50 za klorini kwa kila lita, na yakae saa 24. Kwa tangi la lita 5,000 hizo ni kama gramu 360 za unga wa asilimia 70, zikiwa zimekorogwa kwanza katika ndoo. Maji hayo hayanywewi. Yamwagwe mbali na kijito, bwawa la samaki na kitalu cha miche, na tangi lisuuzwe kabla ya kujazwa upya.

Vyama vyenye nyumba za wageni

Baadhi ya vyama vinamiliki hosteli na nyumba za wageni, na zipo zilizoanza kuweka mabeseni makubwa ya kuogea maji ya moto, yale yenye mapovu yaitwayo jakuzi. Kanuni ya bakaa inafanya kazi humo pia, ila kwa ukali zaidi. Joto la nyuzi 38 hadi 40, jasho na mafuta ya miili ya waogaji huila klorini upesi sana. Kwa hiyo katika mabeseni hayo bakaa hutakiwa isipungue miligramu 3 kwa lita, na pH iwe kati ya 7.0 na 7.8, na yote mawili yapimwe mara kadhaa kwa siku.

Lisidhaniwe kuwa jambo dogo. Mwezi Februari 1999, katika maonyesho ya maua huko Bovenkarspel, Uholanzi, beseni la namna hiyo lilikuwa limewekwa kutazamwa tu na wapita njia. Viini vya ugonjwa wa mapafu uitwao legionela vilistawi katika maji yake ya uvuguvugu, vikatoka na mvuke, na waliopita karibu wakavuta pumzi. Zaidi ya watu 180 waliugua, na 32 wakafa. Walikwenda kuangalia maua, hata vidole hawakuchovya majini. Chama ambacho hakina mtu wa kupima bakaa kila siku kisiweke beseni hilo.

Tahadhari katika kuishika dawa

Klorini ni rafiki wa maji, lakini si rafiki wa ngozi, macho wala mapafu. Mchanganyaji avae mipira ya mikono na asimame upepo ukiwa nyuma yake. Unga ndio utiwe katika maji. Maji yasimwagwe juu ya unga. Dawa hii isichanganywe kamwe na asidi, sabuni ya chooni au aina nyingine ya klorini, kwani hutoa hewa ya sumu.

Makatibu na watunza ghala wazingatie hasa neno hili: unga wa klorini usiwekwe chumba kimoja na mbolea, mafuta ya taa, dizeli au magunia ya mazao. Ukikutana na mbolea au mafuta waweza kuwasha moto. Uwekwe peke yake, pakavu, palipofungwa kwa kufuli, katika chombo chake chenye jina.

Wajibu wa Halmashauri

Ni vigumu kwa kila mwanachama kujinunulia kifaa cha kupimia na mkebe wa unga. Lakini kilicho kizito kwa mmoja ni chepesi kwa wengi, na hiyo ndiyo maana ya ushirika. Tunapendekeza kila Halmashauri ilifikirie jambo hili katika kikao chake kijacho, kabla ya msimu wa kununua mazao, na iamue yafuatayo.

Kwanza, chama kinunue kifaa kimoja cha kupimia bakaa, pamoja na vidonge vya kutosha msimu mzima. Pili, wateuliwe watu wawili, mtunza tangi na msaidizi wake, wakajifunze kwa Bwana Afya au Bibi Afya wa kata. Tatu, kiwekwe daftari lenye safu tano: tarehe, kiasi cha maji, dawa iliyotiwa, bakaa iliyopimwa, na sahihi ya aliyepima. Nne, bakaa ipimwe kila asubuhi wakati wa msimu, na ikishuka chini ya 0.2 koki ifungwe mpaka dawa iongezwe na dakika 30 zipite. Tano, siku maalumu kwa wiki iwe ya wanachama kuleta chupa za maji ya matangi yao ya nyumbani yapimwe bila malipo.

Daftari hilo lisomwe mbele ya Halmashauri kila mwezi kama lisomwavyo daftari la fedha. Mwanachama yeyote awe na haki ya kuliomba na kulitazama. Tumezoea, na ni vyema, kumwuliza mweka hazina imebaki shilingi ngapi. Tuzoee pia kumwuliza mtunza tangi imebaki dawa kiasi gani, kwa kuwa watoto wetu hunywa maji hayo kila siku.